Kwanza Mnyoe Yeye

Temeke, Jumatano tarehe 9 Julai, 1975. Leo ni miaka sita na miezi miwili tangu niondoke Newala.

Mwanangu Issa,

Barua ya mjomba wako niliipokea jana nilipotoka bandarini, nikaisoma nimesimama mlangoni, sijavua hata shati. Ameandika kwamba wote hamjambo, kwamba mikorosho ya mwaka huu imetoa maua mazuri, na kwamba Jumatatu unaondoka nyumbani kwenda Masasi kujifunza kazi ya unyozi. Fundi amekutafutia yeye. Anamsifu sana: mtu mzima, mpole wa maneno, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, anaitwa Swalehe, kidole gumba chake cha kushoto kimepinda kwa ndani. Nilipofika kwenye kidole gumba niliikunja barua, nikaenda kukaa uani nyuma ya bafu, mahali ambapo hakuna mtu wa kunisemesha.

Kidole hicho nakijua. Kimewahi kunishika kidevu.

Bakari, ninayelala naye chumba kimoja, anapanda meli ya Mtwara kesho. Akijaliwa atakuwa Newala Jumapili, kwa hiyo utaisoma barua hii siku moja kabla ya safari yako. Leo sikwenda kazini. Nimemwambia nyapara naumwa bega, na hilo si uongo, ila sababu siyo hiyo. Nimekaa kitandani, sanduku magotini, naandika. Unajua nimeishia darasa la nne, basi pale utakapokuta nimekosea, soma unavyoona inafaa.

Mambo ya kufua, kusali, kuamkia wakubwa na kutokula kwa watu usiowajua, mama yako atayasema, na atayasema vizuri kuliko mimi. Mie nitakupa habari za mtu huyu na habari za wembe, maana haviachani. Na kabla karatasi haijaisha lazima niwe nimeamua kama unakwenda au huendi. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno juu yako, hilo silisahau. Lakini baba akikataa kwa maandishi, watu husita.

Wembe wa babu yako uliuona ukiwa mdogo. Ulikuwa ukiukimbia. Ni ule wa kukunja, unaolala ndani ya mpini wake, aliorudi nao kutoka Bama, vitani alikopelekwa na Waingereza. Mpini ulikuwa wa pembe. Karibu na kiungo, pale ambapo chuma hakikati kitu, babu yako aliweka alama tatu kwa tupa, moja kwa kila mtoto wake aliyebaki hai. Ya kwanza ni mimi. Kwa wembe huo aliwanyoa wafiwa wa kwetu na wa vijiji vya jirani, na vijana wote waliotoka jandoni. Nilimwomba anifundishe, akaniambia nisubiri kwanza niote ndevu zangu mwenyewe. Nilipoziota nilikuwa na haraka ya mambo mengine. Nilidhani yupo tu. Akafa, na mie sijui hata wembe unashikwa wapi.

Kosa hilo la kwanza ni langu, sina wa kumsingizia.

Nilipokuja huku nilikuja nao, umefungwa ndani ya kitambaa cha kanga ya bibi yako. Nyembe za dukani zilikuwa shida. Ukipata moja unaitumia mpaka inang'oa ndevu badala ya kuzinyoa. Nikajiona mjanja, mwenzenu nina wembe wa maisha, kilichobaki ni kujifunza. Swalehe alikuwa na kiti chake kwenye kibaraza cha fundi cherehani, njia ya kwenda sokoni. Yeye Myao, sisi Wamakua, kwa hiyo ni mtani wetu, na siku ile ya kwanza alinipokea kwa matusi ya utani. Aliwaambia wateja kwamba kwetu watu hunyolewa kwa jembe, ndiyo maana vichwa vyetu vina matuta. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na miezi mitatu sijatukanwa na mtu wa kwetu, nikajiona nimefika nyumbani.

Aliufungua wembe, akaupima makali kwenye ukucha, kisha akaupima tena kwenye ukucha mwingine. Leo ningejua maana ya kule kupima mara mbili.

Alikubali kunifundisha bure, kwa ajili ya utani. Akanishika kidevu kwa kile kidole, akakigeuza huku na huku kama anayechagua nazi, akasema ndevu zangu ni za wembe wa namna hii hasa. Halafu akaniambia nitafute mkanda wa ngozi, niutundike kwenye msumari, niwe naunoa wembe kila jioni. "Tanguliza makali," alisema. "Sukuma kama unachuna mbuzi. Na ukinyoa, kaza mkono, wembe usikuchezee."

Issa, rudia kusoma maneno hayo, maana hakuna hata moja la kweli. Kwenye mkanda, mgongo wa wembe ndio unaotangulia. Makali yanafuata nyuma, yanaburuzwa, hayasukumwi. Ukifika mwisho unaupindua kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, unarudi ulikotoka. Ukitanguliza makali unakata mkanda, na mkanda nao unayala makali. Na mkono wa kunyoa ukiukaza, damu lazima itoke.

Mie mwezi mzima nilitanguliza makali. Mkanda ulichanika kama samaki aliyepasuliwa kwa ajili ya kukaangwa. Nikafikiri hiyo ndiyo dalili kwamba wembe sasa ni mkali. Asubuhi ya Idi nikajipaka povu, nikakaza mkono nilivyofundishwa. Nilikwenda kuswali nikiwa na vipande vya gazeti kidevuni, sehemu saba, kila kimoja na doa lake jekundu, na mtoto wa jirani akamuuliza baba yake kama mimi ndiye nitakayechinjwa. Watu wazima walijizuia kucheka mpaka imamu alipotoa salamu, basi.

Nilimrudia Swalehe na wembe, uso umevimba. Akaugeuzageuza kwenye jua. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Chuma hiki kimekufa, mdogo wangu," alisema. "Bama walikufa watu, na chuma nacho kikafia hukohuko. Mzee wako alileta maiti."

Akanipa pakiti mbili za nyembe za dukani, akasema wembe ule atautupa yeye mwenyewe, mie nisiumie kuutazama. Na mie nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vipande saba vya gazeti. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama kidogo, nikasema, ahsante kaka.

Nadhani ilikuwa baada ya miezi minne. Hakukuwa na meli, tuliambiwa turudi nyumbani mapema. Nikapita kwenye kibaraza, nikamkuta anamnyoa mzee mmoja wa chama, na wembe ulikuwa unateleza shingoni bila sauti. Mpini ulikuwa mpya, wa mninga. Nilisogea kama ninayetazama tu. Alipoupangusa nikaziona alama tatu.

Nilisema, "Kaka Swalehe, huo ni wa baba yangu."

Hakugeuka hata. Alimwambia mteja wake, kwa sauti ya kusikika na watu wote waliokuwa benchini, kwamba makuli tumebeba magunia mpaka macho yameshuka mabegani, kila tukionacho tunakiona ni mzigo wetu. Wakacheka. Hata yule mzee alicheka na povu lake, na Swalehe akamwambia atulie, asije akakatwa. Mie nikaondoka. Sikupiga kelele, sikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Ningesema nini? Niliutoa kwa mkono wangu, na ahsante juu yake.

Kuanzia siku ile, kila Jumapili kwa mwaka mzima na zaidi, nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, nikamtazama anavyofanya kazi. Alijua nipo. Alidhani ninamtazama kwa uchungu. Uchungu ulikuwapo, lakini nilikuwa najifunza. Niliona mgongo wa wembe unavyotangulia kwenye mkanda. Niliona anavyolaza wembe karibu kabisa na ngozi, ukiinuka kidogo tu, upana wa nusu kidole hivi kutoka mgongo mpaka shavu. Niliona anavyolowesha ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto, anasubiri, ndipo anapopaka povu. Niliona anavyovuta ngozi kwa kile kidole kilichopinda, anakwenda na mlalo wa ndevu kwanza, kamwe haanzi kinyume. Kila alichonificha aliwaonyesha watu wa barabarani bila kujua. Chuki ilinipa macho, mwanangu, siwezi kukudanganya. Wapo watakaokuambia chuki haina faida. Mie imenifundisha kazi.

Nikanunua wembe mkuukuu Kariakoo. Sikuanza na uso wangu, nilikwisha kukoma. Nilianza na papai bichi. Unalipaka povu lote, unalinyoa. Ukikosea kidogo tu, hata kwa mkwaruzo usiouona, linatoa utomvu mweupe papo hapo, linakusuta. Bakari alikuwa akinikuta nimelishika papai shavuni, nalibembeleza, akisema afadhali ningeoa. Nimekwangua mapapai mengi mpaka likapatikana moja ambalo halikutoa hata tone. Lile sikulila. Liliozea dirishani.

Fanya hivyo nawe. Kwenu yapo mengi, hayana bei.

Baada ya hapo nikatundika mkanda wangu mwisho wa barabara ileile. Jumapili tu, na siku zisizo na meli. Makuli wenzangu walikuja, kisha wakaja na watu wengine. Kiti cha Swalehe kikaanza kupata jua, maana hakuna aliyekikalia. Nilikuwa natazama kule huku nikinyoa. Nilifurahi, naandika hivyohivyo, nilifurahi.

Lakini wembe wa babu yako ulikuwa bado kwake.

Mwaka juzi akafiwa na kaka yake. Matanga yalikuwa palepale Temeke, kwao, na siku ya kuanua matanga wafiwa lazima wanyolewe, nawe unajua kwamba mfiwa hajinyoi na ndugu yake hamnyoi. Ananyolewa na mtani. Wamakua mtaani tulikuwepo kadhaa, lakini mwenye kushika wembe ni mie. Walinifuata wazee wawili. Nilioga, nikavaa shati la Idi, nikaenda. Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Unajua pia kwamba kwenye msiba mtani huchukua kitu. Anakamata kuku, anakamata sufuria, anakaa na jamvi lao mpaka wamkomboe, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Nilikaa nikala ubwabwa wao. Nikawatukana kidogo, wakanitukana. Halafu nikasimama, nikaenda kwenye sanduku lake la kazi lililokuwa ukumbini, nikalifungua mbele ya watu wote, nikatoa wembe wenye mpini wa mninga.

"Mtani kachukua," nilisema.

Wote wakacheka, isipokuwa mmoja. Dada mkubwa wa Swalehe akanifuata kwa mzaha, anasema Mmakua huyu kaja kula ubwabwa wetu, sasa anataka na cha kukatia nyama. Wakaniletea kuku. Nikakataa. Wakaniletea kuku wawili na kitambaa cha suruali. Nikakataa. Wakaanza kuchoka kucheka. Wazee walimtazama Swalehe aseme neno, na Swalehe hakuweza, kwa sababu angesema nini? Kwamba mtani amechukua kisicho halali? Ningemwomba aeleze mbele ya watu zile alama tatu ni za watoto wa nani. Aliinua kile kidole, akakiteremsha. Akasema, "Mwacheni. Ni haki ya mtani."

Zaidi ya miaka mitatu niliisubiri sentensi hiyo.

Ningeishia hapo. Ningeufunga wembe, nimnyoe kwa wembe mwingine wa sandukuni mwake, niende zangu. Lakini nilitaka akae chini yangu na uleule. Nikamkalisha kwenye kinu kilichogeuzwa, kichwa chake kimeinama, nikaanza. Na mkono ukakaza. Sikuamua, ulikaza wenyewe. Juu ya sikio nikamkata, mkato mrefu kama kiungo cha kidole, damu ikashuka kwenye shuka jeupe la msiba. Mjane wa marehemu aliona, akaanza kulia upya, kama ndiyo kwanza anapewa habari. Vicheko vikakoma. Ya Swalehe siyajutii. Ya mjane yule nayajutia mpaka leo, na sijawahi kwenda kumwambia, napita mlango wake nikitazama chini.

Swalehe hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa sauti ya mie tu kuisikia:

"Legeza mkono. Uache wembe ujibebe wenyewe. Mgongo ushuke kidogo. Hivyo. Sasa nenda."

Nikalegeza, nikashusha, nikaenda. Nywele zikaanguka kama vumbi linalopanguswa. Kichwa chote, mpaka kisogoni, bila doa jingine. Sijapata kunyoa vile kabla yake wala baadaye. Hilo lilikuwa somo la kweli la kwanza kutoka kwa mtu huyo, na alinipa siku ambayo kichwa kilikuwa chake.

Baada ya mwezi mmoja aliondoka Temeke. Watu walisema kaenda kwao kuandikishwa kijiji kipya. Sikujua kwamba alifika Masasi akatundika mkanda.

Sasa wewe.

Jana usingizi ulipokataa nilikuwa nimekwisha kuamua kukataa. Nilikuwa na maneno yenyewe: mwanangu hatafundishwa na mwizi. Asubuhi Bakari akaniuliza, basi atafundishwa na nani? Nikasema, na mimi. Akasema, wewe upo wapi? Akatoka zake kwenda kutafuta kamba ya kufungia mzigo.  Mama yako aliwahi kuandika kwamba umeota ndevu na unazikata kwa mkasi wa kushonea. Ndevu zako sijaziona, Issa. Niliondoka ukiwa na miaka kumi na moja. Babu yako alinichelewesha akafa, na mie nimekuchelewesha ningali hai, na hiyo ni mbaya zaidi. Huwezi kujifunza wembe kwa karatasi. Hapa nimeandika mgongo unatangulia, makali yanafuata, lakini uzito wa mkono siwezi kuuandika.

Na yule mwizi anajua. Siwezi kumnyang'anya hilo. Kusini nzima sijui wa kumfikia.

Basi nenda. Ila nenda hivi.

Wembe nimempa Bakari, amekushikia. Nimeung'oa mpini wa mninga nikautupa motoni, wembe nikauwekea mpini wa pembe tena, siyo mzuri kama wa babu yako lakini ni pembe. Nimeupaka mafuta ya cherehani, nawe uwe unaupaka kila ukimaliza, chuma hiki kinachukia unyevu. Usimwonyeshe ukifika. Mwamkie, mfagilie, mchotee maji, mwite baba mdogo kama atataka. Atakapokufundisha jambo, lolote, la mkanda au la povu au la kuvuta ngozi, pokea kwa adabu. Halafu mwambie, fundi, naomba kaa, nijaribie kwako. Kila somo. Akikataa kukaa, ujue somo hilo ni la uongo, litupe. Akikaa, lishike maisha yako yote.

Na siku utakapoona mkono wako umetulia, siku hiyo mkalishe kitini, mlazie kichwa nyuma, mpake povu mpaka karibu na macho, ndipo uutoe. Uufungue taratibu mbele ya uso wake, azihesabu zile alama. Usiseme neno. Mnyoe vizuri kuliko alivyopata kunyolewa, bila tone la damu, na ukimaliza umwambie, baba yangu anakusalimu. Hicho ndicho ninachotaka kutoka kwake. Nimefikiri vingine vingi nikiwa chini ya magunia, vibaya zaidi, nimeviacha kwa sababu mkono utakaovifanya ungekuwa wako.

Asiushike. Hata kuukagua, hata kukunolea, hata akikwambia makali yamelala. Mwambie, babu yangu alikataza.

Nyapara amekubali jina langu liingie kwenye likizo ya mwisho wa mwaka. Nitapanda meli ya kwanza baada ya Krismasi, na siku tatu baadaye nitakuwa Newala. Nawe uombe ruhusa uje. Sitanyoa kuanzia mwezi wa kumi na moja. Utanikalisha uani mbele ya mama yako na mjomba wako, nitainua shingo na kufumba macho, nawe utaninyoa kwa wembe wa babu yako. Nikiinuka safi, nitajua Swalehe amelipa. Nikiinuka na kipande kimoja tu cha gazeti, sitakulaumu wewe. Nitakunywa uji wangu, nitavaa viatu, nitakwenda Masasi.

Baba yako.